Tunasubiri matokeo yaleyale: mbona mwenzangu analala na mimi nakesha?

Swali: Nasoma mwaka wa pili hapa Dodoma. Muhula uliopita nilipata sapu mbili (mitihani ya marudio), nimeshazifanya na matokeo bado. Bumu nalo, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa. Mwenzangu wa chumbani ana sapu kama mimi na mfukoni hana kitu kama mimi, lakini ikifika saa nne usiku anakoroma. Mimi nafungua akaunti ya matokeo mpaka saa nane. Wiki hii nimeandika upya ratiba ya kusoma mara nne na sijasoma hata mada moja. Nyumbani wanasema nimezaliwa hivi, kwamba tangu darasa la kwanza siku ya mtihani nilikuwa natapika. Kama ni haiba yangu, kuna la kufanya? Au niende hospitali?

Jibu: Pole sana, dada. Haiba yako inahusika, na nyumbani hawajakosea sana. Wanapokosea ni kudhani kwamba ukishasema "ndivyo alivyo" umemaliza maneno. Haiba haimletei mtu wasiwasi kama mbu aletavyo malaria. Inaamua mambo mawili: ni sehemu gani ya sintofahamu itakayokuuma, na ukishaumwa utakimbilia wapi. Hilo la kwanza ni gumu kuligusa. Hilo la pili ndilo linalokukeshesha, na linashikika.

Kwanza tutenganishe maneno, maana mtaani yote huitwa "mawazo". Msongo ni mzigo uliopo na unaoonekana: sapu mbili, mfuko mtupu, kodi ya chumba. Wasiwasi ni mwili na akili kujiandaa kwa jambo ambalo halijatokea na huenda lisitokee. Msongo hupungua chanzo chake kikiondoka. Wasiwasi hauna adabu hiyo: matokeo yanatoka, umefaulu, na kesho yake asubuhi umeshaanza kuhofia fildi (mafunzo kwa vitendo). Haiba ni ule mwelekeo wa muda mrefu wa mtu katika kuhisi, kufikiri na kutenda, unaojirudia mahali pengi na kwa miaka mingi. Kutapika siku ya mtihani tangu darasa la kwanza ni dalili ya mwelekeo. Kukesha wiki hii ni tukio. Viwili hivyo vinahusiana, ila havitibiwi kwa njia moja.

Sasa, kwa nini kungoja kunauma kuliko kufeli kwenyewe? Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha jaribio linaloeleza hali yako kuliko hotuba yoyote. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe huku wakibashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, inayouma kwelikweli. Wakati wanacheza walipimwa jasho na mboni za macho. Msongo haukuwa katika kiwango chake cha juu pale mchezaji alipokuwa na hakika kwamba shoti inakuja. Ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Anayejua ataumia alitulia kuliko asiyejua. Sapu zako ziko hapohapo, nusu kwa nusu, ndiyo maana kuna usiku unatamani uambiwe umefeli ujue moja.

Jaribio lile lilionyesha na jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Wale ambao msongo wao ulipanda na kushuka sambamba na sintofahamu yenyewe ndio waliobashiri vizuri zaidi. Msongo unaofuata hali ilivyo una kazi yake. Unaoharibu ni ule usioshuka hata pale ambapo hakuna jipya la kujua, kwa mfano saa nane usiku, wakati hakuna ofisi ya mitihani nchini iliyo wazi.

Hapo ndipo watu hutofautiana. Mwaka 1994 watafiti wa Quebec, Kanada, walitoa dodoso la maswali 27 la kupima jinsi mtu anavyoshindwa kuvumilia kutojua, na mwaka 2007 likafupishwa kuwa maswali 12. Dodoso hilo fupi linagawa tatizo katika sura mbili. Sura ya kwanza ni ya anayetaka kujua mapema kwa gharama yoyote: anatafuta, anauliza, anakagua. Sura ya pili ni ya anayeganda: hawezi kuanza lolote mpaka ajue. Wewe una zote mbili. Akaunti ya matokeo ni sura ya kwanza, ratiba nne bila mada hata moja ni sura ya pili. Mwenzako huenda hana nyingi kati ya hizo, na hiyo peke yake inaweza kueleza sehemu kubwa ya kukoroma kwake.

Haiba gani hasa?

Weka kando zile hulka nne za kwenye semina, za "mimi ni melankoli, yule sangwini". Asili yake ni tiba ya Kigiriki ya kale iliyoamini kwamba tabia inatokana na majimaji manne ya mwili: damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ni mazungumzo mazuri ya kwenye daladala. Hazikuambii nani atashindwa kulala. Na vile vipimo vya mtandaoni vinavyokupa herufi nne uziweke kwenye wasifu wako, hali ni hiyohiyo.

Kinachotumiwa na watafiti wengi leo ni sifa tano, na kila mtu anazo zote tano kwa viwango tofauti, kama urefu na uzito. Ni wepesi wa wasiwasi, umakini, uchangamfu, utangamano na watu, na uwazi wa fikra. Katika habari ya wasiwasi wa wanafunzi hazina uzito sawa hata kidogo.

Inayobeba mzigo mkubwa ni wepesi wa wasiwasi. Mwenye kiwango cha juu ana kengele ya hatari inayolia mapema, inalia kwa sauti kubwa na inachelewa kunyamaza. Ujumbe wa "tuonane ofisini" kutoka kwa mhadhiri, kwa mwingine ni ujumbe, kwake ni hukumu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti kati ya watu katika sifa kama hii inatokana na kurithi. Tusilisome vibaya: halina maana kwamba nusu ya wasiwasi wako umetoka kwa mama. Ni hesabu ya tofauti katika kundi la watu, na nusu nyingine inabaki kwa maisha yenyewe.

Ya pili ndiyo inayowashangaza wengi, nayo ni umakini, yaani bidii, mpangilio na kutimiza ahadi. Kwa kawaida ni kinga. Mwanafunzi makini huanza kazi mapema, hana viporo vya kumtisha usiku wa mtihani, na hata koswek yake (alama za kazi za muhula) huwa inamtengenezea nafasi ya kupumua. Lakini kinga hii imejengwa juu ya imani moja, kwamba ukifanya sehemu yako matokeo yatafuata. Vunja uhusiano huo, na mtu makini ndiye anayeanguka kwa kishindo. Watafiti waliofuatilia Wajerumani 9,570 kwa miaka 4, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waligundua kwamba waliokaa bila ajira kwa miaka 3 walishuka katika kuridhika na maisha, ila wenye umakini wa juu walishuka zaidi ya mara mbili ya wenye umakini mdogo. Kukosa kazi kuliwapiga wote. Mwenye bidii kulimpiga na kumwuliza: kosa lako ni lipi?

Naona hapo ndipo sapu zako zilipokugusa. Mtu anayeandika ratiba mara nne kwa wiki si mvivu. Ni mtu makini ambaye nyenzo yake ya siku zote haifanyi kazi, kwa sababu karatasi ziko kwa msahihishaji na bumu liko kwenye mikono ya watu wengine. Hakuna bidii inayoweza kuharakisha lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo bidii inajigeuzia kilichopo karibu: ratiba. Kupanga kunampa mtu makini utulivu wa dakika chache unaofanana sana na ule wa kufanya kazi. Ndiyo hatari yake.

Uchangamfu tulijifunza habari zake mwaka 2020. Kwa sababu ya korona, Tanzania ilifunga shule na vyuo katikati ya Machi, vyuo na kidato cha sita vikarudi tarehe 1 Juni. Kenya ilifunga siku zilezile, na wanafunzi wengi wa shule walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Kwa kawaida mchangamfu hupungukiwa na wasiwasi kwa sababu anautoa: anaongea, anacheka, anakwenda uwanjani. Akifungiwa ndani, dawa yake imefungiwa nje. Mkimya naye si kwamba alikuwa salama, maana wengi wa wakimya hawamwambii mtu mpaka mambo yaharibike, na shuleni angalau kulikuwa na mwalimu wa kumtazama usoni akaona.

Utangamano tuupitie haraka. Mtu wa watu hubeba na sapu za wenzake, na bumu likiingia anakopesha nusu kabla hajanunua mchele. Na mwenye uwazi wa fikra huvumilia sintofahamu vizuri, mradi ubunifu wake usianze kumtungia picha za maafa.

Sasa mwenzako. Usimwonee wivu haraka. Utulivu wake unaweza kuwa wa aina mbili. Upo wa mtu ambaye kengele yake haina kelele lakini kazi zake anazifanya. Huyo kajaliwa, mwache alale. Upo pia wa mtu ambaye hafikirii kesho kabisa, asiyejua hata tarehe ya mwisho ya kujisajili. Huyo analala leo na mwezi ujao atalipa kwa pamoja. Tena kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia wahitimu wa sheria waliongoja matokeo ya mtihani wa uwakili wa California kwa takriban miezi 4. Wale waliohangaika wakati wa kungoja walipokea habari vizuri zaidi zilipokuja: mbaya ziliwakuta wamejiandaa, nzuri ziliwafurahisha zaidi. Waliokaa kimya na matumaini tele ndio waliovunjika zaidi walipofeli. Kwa hiyo kuhangaika kwako si hasara tupu, ingawa hakuna aliyesema uhangaike mpaka saa nane.

Mahali mambo yanapoharibikia

Kukagua akaunti ni kama kujikuna upele. Unafungua, hakuna kitu, unapata nafuu ya dakika mbili: "angalau sijafeli bado." Nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba kukagua ni dawa. Mara chache unakuta kweli kuna tangazo jipya, na zawadi inayokuja kwa kubahatisha hushika tabia kuliko zawadi ya kila siku. Baada ya wiki mbili mkono unaifuata simu kabla hujaamua. Kumwuliza CR, kiongozi wa darasa, "vipi, yametoka?" ni kujikuna huko huko. Kusoma tetesi za "bumu limeingia kwa watu wa benki fulani" kwenye kundi la WhatsApp ni zaidi ya kujikuna, maana pale unakuna na upele wa watu mia mbili.

Wepesi wa wasiwasi ndio unaoleta mwasho. Kujikuna ndiko kunakotoa kidonda. Hatua zinazofuata zinahusu kujikuna.

Lakini kabla ya zote kuna hatua ambayo washauri wengi huiruka kwa sababu haina saikolojia ndani yake. Ukiwa na njaa, tatizo la kwanza si haiba. Asiye na hela ya kula hahitaji mazoezi ya pumzi. Chukua karatasi, andika fedha uliyonayo kweli (ya mkononi na ya kwenye simu), igawe kwa siku 14. Ukiwa na 42,000, ni 3,000 kwa siku. Linganisha na bei ya wali maharage pale unapokula. Ikitosha milo miwili, una wiki mbili na unazijua. Isipotosha, leo, si kesho, nenda kwa mlezi wa wanafunzi au afisa mikopo wa chuo ukaeleze, na piga simu moja nyumbani useme kiasi kamili unachohitaji. "Hali ngumu, mama" huongeza wasiwasi pande zote mbili za simu. "Nahitaji 20,000 kufika tarehe fulani" ni jambo linaloweza kujibiwa, hata kama jibu ni hapana. Chumba kimoja mkipika kwa pamoja mtaokoa zaidi ya hapo.

Hatua inayofuata ni kukagua kwa saa maalumu. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, muda ambao ofisi ziko kazini na kitu kinaweza kweli kuwa kimebadilika. Ondoa nenosiri lililohifadhiwa kwenye simu, uliandike kwenye daftari lililo nje ya kitanda. Hizo sekunde 30 za kuliandika upya zinatosha kukuamsha. Zima milio ya kundi la darasa. CR akiwa na tangazo la kweli litakuwepo hata saa kumi. Siku tatu za kwanza utajisikia vibaya zaidi. Mwasho huongezeka kabla haujapungua, na wengi huacha siku ya pili wakidhani njia imeshindwa. Siku hiyo ndiyo njia imeanza kazi. Kosa jingine ni kumtuma mwenzako akukagulie. Huko ni kujikuna kwa mkono wa kuazima.

Baada ya hapo, tenga saa ya mawazo. Njia hii ilijaribiwa tangu mwaka 1983 na kikundi cha mwanasaikolojia Borkovec, Marekani. Kila siku, wakati uleule na mahali palepale, kaa dakika 30 uwaze kwa makusudi. Kwako ingefaa saa kumi na moja jioni, kwenye kiti, kamwe si kitandani wala mezani unaposomea. Wazo likija saa tano asubuhi, liandike kwa maneno matatu na uliambie kwamba lina miadi. Jioni, litoe ulishughulikie. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto yale yenye kitendo unachoweza kufanya ndani ya saa 24, na kitendo chenyewe ukiandike. Kulia yale yasiyo na kitendo, na pembeni uandike unachotabiri kitatokea na tarehe ambayo ukweli utajulikana. Tarehe ikifika, rudi uweke alama: limetokea, halijatokea. Mwaka 2020 watafiti wa Pennsylvania walifanya hivyo na watu 29 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Takriban asilimia 91 ya waliyoyahofia hayakutokea. Ni kundi dogo, na mwanafunzi mwenye sapu anaweza kupata hesabu tofauti. Uzuri wake ni kwamba hesabu itakuwa yako, kwa mwandiko wako, na hiyo huwezi kuibishia kama unavyombishia anayekuambia "utafaulu tu, usijali".

Na hilo la "usijali" tuliseme kidogo. Wapo watu ambao wakilazimishwa kuwa na matumaini wanafanya vibaya. Utulivu wao unatoka katika kuwazia baya na kulijengea mpango, jambo ambalo wanasaikolojia wameliandika tangu miaka ya 1980. Kwa mtu makini mwenye wepesi wa wasiwasi kama wewe, nadhani hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Andika kurasa mbili, moja tu kwa kila hali. Ukurasa wa kwanza: "Nikifaulu zote." Wa pili: "Nikikwama moja au zote." Katika huu wa pili weka ukweli mtupu. Kanuni za mitihani za chuo chako zinasemaje kuhusu sapu ya pili, kubeba kozi mwaka unaofuata, au kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli)? Usitegemee ya mtaani. Fungua kitabu cha kanuni, nakili kifungu chenyewe. Nani wa kumwona, dirisha la rufaa ni siku ngapi, gharama ni kiasi gani, nani nyumbani ataambiwa kwanza na kwa maneno yapi. Ukishajaza, funga. Kurasa hizo zifunguliwe mara moja tu, siku ya matokeo. Ukizifanyia marekebisho kila usiku, zimeshageuka ratiba yako ya tano.

Kuhusu kuganda, ratiba haisaidii kwa sababu ratiba ni ahadi ya wiki nzima na wewe huna hakika ya kesho. Punguza ukubwa: mada moja, dakika 25, maswali matatu ya mtihani wa zamani, kalamu mkononi. Usisome sapu ulizokwishafanya. Soma somo la muhula huu ambalo msahihishaji wako bado hajaliona, kwa sababu huko bidii yako bado inaunganishwa na matokeo. Kazi ya mikono inayokumeza kabisa (kusuka, kupika, kwaya, mpira) nayo inahesabika. Muda wa kungoja hupita upesi kwa mtu aliyezama katika jambo lenye ugumu wa kumtosha.

Usingizi una kanuni chache, na chungu. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala saa tisa. Kahawa, chai ya rangi kali na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, mwisho saa sita mchana: kwa wastani nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kopo la saa mbili usiku bado lina nguvu saa saba. Ukilala dakika 20 bila usingizi kuja, inuka, kaa kwenye kiti na kitu cha kuchosha chenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Simu ilale mbali na mkono. Kama mwili umejikaza, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, dakika 5. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Usitegemee pumzi zikuletee usingizi. Kazi yake ni kushusha mapigo ya moyo, basi.

Inabadilika?

Ndiyo, kidogo kuliko watu wanavyotangaza na zaidi kuliko nyumbani wanavyodhani. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 207 za watu waliopata tiba au mafunzo, kwa wastani wa wiki 24. Sifa iliyosogea kuliko zote ilikuwa hii hii ya wepesi wa wasiwasi, na waliokuja na matatizo ya wasiwasi ndio waliosogea zaidi. Hatusemi kwamba utageuka mwenzako. Kengele itaendelea kulia mapema. Kinachobadilika ni muda inaochukua kunyamaza, na mambo unayoacha kuyafanya kwa ajili yake.

Hata muda mfupi unaweza kuleta kitu. Nchini Kenya, mpango uitwao Shamiri ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa sekondari wenye umri wa miaka 13 hadi 18 na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Vikao vilikuwa 4, kimoja kwa wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari tu, wasio madaktari. Walizungumzia mambo matatu: kwamba mtu hukua na kubadilika, kushukuru, na kuishi kwa yale unayoyathamini. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Angalia jambo la kwanza katika hayo matatu. Mtoto anayeambiwa kila siku "umezaliwa hivi" anafundishwa kinyume chake.

Kuhusu hospitali

Tumia kipimo cha wasiwasi kiitwacho GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 21. Kipo kwa Kiswahili na kimefanyiwa majaribio Kilifi, Kenya. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa kati, 15 ni mkali. Kuanzia 10, tafuta mtaalamu. Kipimo hakitoi hukumu ya ugonjwa, kinakuambia tu kwamba inafaa uonwe. Bila kujali alama, usingoje ikiwa hujaingia darasani wiki nzima, ikiwa umeanza kunywa pombe au kumeza dawa za usingizi za kununua kiholela, au ikiwa moyo unakwenda mbio ghafla, kifua kinabana na unahisi unakufa. Na ikiwa umewaza kujidhuru au kwamba bora usingekuwepo, mwambie mwenzako leo hii, umwamshe hata kama anakoroma, na mwende wote hospitali iliyo karibu.

Anza na dawati la ushauri nasaha la chuo au zahanati ya chuo. Dodoma watu wakisikia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hucheka, kwa sababu jina lake limegeuzwa tusi. Wasikuogopeshe, kliniki ya nje ya afya ya akili huhudumia watu wanaoingia asubuhi na kutoka mchana na madaftari yao. Mwombe daktari akupime damu kwa upungufu wake na utendaji wa tezi ya shingo, maana tezi inayofanya kazi kupita kiasi hutoa mapigo ya haraka, jasho na kukosa usingizi vinavyofanana kabisa na wasiwasi. Dawa za wasiwasi zipo na zinasaidia. Zile zinazotumiwa zaidi kwa muda mrefu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla siku unapojisikia nafuu.

Ukienda, beba lile daftari la saa kumi na moja. Dakika ambazo mgonjwa hupewa chumbani ni chache, na wengi huzitumia kusema "nina mawazo" kisha wakanyamaza. Fungua kurasa za siku 14: saa ulizolala, mara ulizokagua, uliyoyatabiri na yaliyotokea.